Aliyekunja Bandeji Naye Ni Muuguzi

Daladala zinazotoka Mwenge kuja kwetu Kunduchi hupita Lugalo, na kondakta hulitaja jina hilo mchana kutwa. Abiria huteremka, wengine hupanda, gari likaondoka. Ni wachache humo garini wanaokumbuka kwamba Lugalo ni jina la vita. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Uhehe, wapiganaji wa Mkwawa walilivunja jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafa palepale. Leo jina hilo limo kwenye kambi ya jeshi na kwenye hospitali yake kuu. Nikipita hapo hujiuliza swali lilelile: jua lilipotua siku ile, ni nani aliyewafunga majeruhi vidonda? Ni nani aliyewapa maji?

Aliyeshinda tunamjua, na aliyeshindwa tunamjua. Aliyeshika beseni hatumjui.

Swali hilo ndilo lililonifanya nitoe rai barazani kwetu Mtongani. Nilisema kwamba kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wetu wanapowasha mishumaa na kurudia kiapo chao, tuwataje pia waliojitolea kuuguza majeruhi wa vita vya karne ya 19, vya ng'ambo na vya pwani yetu wenyewe. Nilipingwa, tena na watu ninaowaheshimu: mwalimu mstaafu, kijana wa chuo, na mzee mmoja mvuvi ambaye neno lake huwa halianguki chini. Hoja zao nimezisikia kwingine pia, kwa hiyo nazijibu moja baada ya nyingine, kwa heshima ile ile waliyonisikiliza nayo.

Dai la kwanza: "Hao walikuwa watu wa wakoloni. Hawatuhusu."

Kijana wa chuo ndiye aliyelisema hili, na sitaki kumvunja moyo, maana lina ukweli ndani yake. Mwaka 1887 alifika Unguja bibi mmoja wa Kijerumani, Frieda von Bülow, kwa niaba ya chama cha wanawake alichoshiriki kukianzisha ili kupeleka wauguzi katika makoloni. Alikuwa mwandishi, na hakuficha kwamba aliitakia mema himaya ya nchi yake. Uuguzi wa namna ile ulikwenda sambamba na bendera, na mtu akisema hivyo hasemi uongo.

Lakini tazama kilichotokea Bagamoyo, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa Kunduchi. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilijitwalia mamlaka ya mwambao, na wiki chache baadaye pwani nzima ikawaka moto. Abushiri bin Salim akaongoza upande wa Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani. Bagamoyo ikapigwa na pande zote mbili. Watu wa mji walikimbilia wapi? Maelfu yao walikimbilia misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao kutoka Ufaransa, waliishi pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Misheni ile haikushika bunduki ya upande wowote. Abushiri aliyekuwa akiwafukuza Wajerumani aliiacha salama, na mapadre wa misheni wakawa wapatanishi kati yake na maadui zake. Waliouguzwa mle walikuwa watu wa pwani, babu na bibi zetu, waliokimbia nyumba zinazoungua.

Dunia nayo ilikuwa imeanza kulikubali jambo hili kisheria. Baada ya vita vya Solferino vya Juni 1859, Henry Dunant wa Uswisi aliwaona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwahudumia majeruhi bila kuuliza wametoka jeshi gani. Kutokana na alichokiona ukazaliwa Msalaba Mwekundu, na Agosti 1864 ukatiwa saini Mkataba wa Geneva. Mkataba ule ulisema kwamba hata raia wa kawaida anayemsaidia majeruhi anastahili kuheshimiwa na kuachwa huru. Yaani tangu mwaka huo, anayeuguza hahesabiwi kwa bendera inayopepea juu ya paa. Na katika vita vya Crimea, wakati Waingereza wanapeleka wauguzi wao, Warusi waliozingirwa Sevastopol nao walikuwa na masista wao wa kujitolea chini ya daktari Pirogov. Wanaume walikuwa wakiuana, na kila upande ulikuwa na wanawake waliokuwa wakikesha na ndoo zilezile za maji na nyuzi zilezile za bandeji.

Kumheshimu muuguzi hakumgeuzi Abushiri kuwa mkosaji. Alinyongwa Pangani Desemba 1889 akiitetea nchi, na heshima yake ibaki pale pale. Wapiganaji wake nao walijeruhiwa, nao waliuguzwa na mtu. Mtu huyo naye ni wetu.

Dai la pili: "Walikuwa Wazungu watupu."

Picha tuliyofundishwa shuleni ni ya Florence Nightingale na taa yake. Ni picha ya kweli. Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wanawake 38. Kosa ni kudhani kwamba picha hiyo moja ndiyo albamu nzima.

Mwaka uleule alikuwepo London mwanamke wa Kijamaika, Mary Seacole, aliyezaliwa Kingston mwaka 1805. Mama yake alikuwa mganga aliyewatibu maofisa wagonjwa nyumbani kwake, na binti alijifunza hapo. Alikwishapambana na kipindupindu Panama kabla hata vita havijaanza. Akaomba apelekwe Crimea na wauguzi wengine, akakataliwa. Akaenda kwa fedha zake. Mwaka 1855 alifungua nyumba karibu na Balaklava, akiuza chakula, akitibu wagonjwa, na siku za mapigano akienda uwanjani na mkoba wa dawa. Vita vilipokwisha akafilisika, na askari aliowauguza ndio waliomchangia.

Huko Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kulikuwa na Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1848. Aliwauguza askari weusi wa kikosi cha 33 na kuwafundisha kusoma, kwa zaidi ya miaka minne, bila malipo. Kulikuwa na Harriet Tubman, ambaye wengi tunamjua kwa kuwatorosha watumwa. Huyu aliuguza majeruhi na wagonjwa wa kuhara damu huko South Carolina, akiwatengenezea dawa za mizizi alizozijua.

Na turudi Bagamoyo. Mabinti wa Maria hawakuanzia Ulaya. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849 katika kisiwa cha Réunion, miezi michache tu baada ya utumwa kukomeshwa huko, na tangu mwanzo liliwapokea wanawake weupe na wanawake waliotoka utumwani. Walifika Unguja mwishoni mwa 1860, wakavuka kwenda Bagamoyo baadaye. Halafu fanya hesabu mwenyewe. Masista wachache, wakimbizi maelfu. Nani alichota maji kisimani? Nani alikoroga uji? Nani alimgeuza ubavu mgonjwa asiyeweza kujigeuza? Kando ya misheni ile kulikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wao ndio waliokuwa na mikono, na wao ndio waliokuwa jirani.

Dai la tatu: "Kupika, kufua na kukunja bandeji si uuguzi. Anayeponya ni daktari."

Hapa ndipo nataka kukaa, maana dai hili ndilo lililowafuta wengi kuliko yote.

Katika vita vya Crimea Waingereza walipoteza watu kama 21,000. Kama 16,000 kati yao hawakuuawa na risasi wala upanga. Waliuawa na maradhi: kipindupindu, kuhara damu, homa. Februari 1855, hospitali ya Scutari ilikuwa ikizika wagonjwa kama 42 katika kila 100 wanaoingia. Kufikia Juni, walikuwa kama 2. Katikati hapo hakikupatikana kisu kipya cha upasuaji. Serikali ilipeleka kamati ya usafi mwezi Machi, wakazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, wakaondoa mizoga, wakasafisha maji na kuingiza hewa. Nightingale na wenzake walikuwa tayari wameanzisha dobi na jiko linalotoa chakula ambacho mgonjwa anaweza kukimeza. Hata Marekani, katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Katika hospitali za karne ile, kabla dunia haijakubali habari za vijidudu, shuka safi ndiyo iliyokuwa dawa. Maji yaliyochemshwa ndiyo yaliyokuwa dawa. Aliyefua shuka ile alikuwa akitibu, hata kama kwenye daftari aliandikwa mfua nguo.

Susie King Taylor aliandikwa hivyo hasa: mfua nguo. Tutaona hapa chini neno hilo lilimgharimu nini.

Somo hili sikulipata vitabuni kwanza. Nimelipata kwa bibi jirani yangu, hapa hapa Kunduchi, ambaye wakati wa Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya huko magharibi. Nilikwenda kumsalimia siku nilipopingwa barazani. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, naomba unionyeshe kazi mliyokuwa mkiifanya." Akaingia ndani, akatoka na kanga iliyochakaa, akaichana utepe mrefu wa upana wa vidole vinne. Akaketi mkekani, akanyoosha mguu. Akaweka ncha ya utepe kwenye paja, akaukunja mara tatu nne kwa vidole, kisha akaanza kuuviringisha kwa kiganja, mkono wa kulia ukisukuma na wa kushoto ukivuta. Roli ilikaza mpaka ikasimama wima yenyewe kwenye mkeka kama kipande cha muhogo.

"Ukiiacha legevu, mwanangu," akasema, "nesi akimfunga mgonjwa inateleza, kidonda kinafunuka, nzi anatua. Tulikuwa tunazichemsha zilizotumika kwenye sufuria kubwa, tunazianika, tunazikunja usiku. Asubuhi nesi akinyoosha mkono, bandeji ipo."

Nikamuuliza kama siku ya tarehe 12 Mei hualikwa. Akaniambia kwamba mwaka mmoja, mahali alipokuwa akifanya kazi, alijipanga na wenzake kuwasha mshumaa, akaombwa kwa adabu akae na wageni, kwa kuwa mishumaa ni ya wauguzi wenye leseni. Alikaa na wageni. Hakulaumu mtu, na mimi simlaumu mtu kwa niaba yake. Leseni ina sababu yake, na hakuna anayetaka kuchomwa sindano na asiyesomea. Lakini leseni inasema nani aruhusiwe kufanya kazi kesho. Haiwezi kuwa kipimo cha nani alifanya kazi jana, sembuse katika karne ambayo leseni zenyewe hazikuwepo.

Dai la nne: "Aliyejitolea hadai. Tenda wema uende zako."

Hii ni hoja ya mzee mvuvi, na alipoisema baraza zima liliitikia. Mithali ni yetu, nami naipenda. Lakini tuiangalie inasema na nani. Inasema na mtenda wema: usikae ukingoja shukrani. Haikusema hata kidogo na aliyetendewa. Yeye amewekewa mithali yake, nayo ni kali: shukrani ya punda ni mateke. Aliyepokea wema akijificha nyuma ya mithali ya aliyeutoa, amejivisha nguo isiyo yake.

Mataifa mengine yaliliona hilo, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1892, miaka 27 baada ya vita vyao kwisha, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa wauguzi wa jeshi pensheni ya dola 12 kwa mwezi. Ni jambo jema. Ila tazama masharti: uwe umehudumu angalau miezi sita, na uwe uliajiriwa kama muuguzi na mwenye mamlaka. Aliyeandikwa mpishi au mfua nguo alibaki mlangoni, na walioandikwa hivyo, wengi wao walikuwa wanawake weusi. Susie King Taylor hakuipata. Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha maisha yake, akajiandika mwenyewe pale ambapo daftari la serikali halikumwandika. Harriet Tubman alikuwa akipewa dola 8 kwa mwezi kama mjane wa askari, na ni mwaka 1899 tu, baada ya miaka mingi ya kupigania haki yake, Bunge lilipoziongeza hadi 20 kwa kuzingatia uuguzi wake.

Hayo si ya kale tu. Kwa miaka mingi vijiji na mitaa yetu imetegemea wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito, kufuatilia wajawazito na kuwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa. Wengi walifanya hivyo kwa kujitolea, wakipata posho ya hapa na pale. Serikali sasa imeanza mpango wa kuwafundisha na kuwalipa, na napongeza. Lakini ni lazima tuulize kuhusu wale waliotangulia, waliozichakaza ndala zao miaka kumi kabla ya mpango kuja. Tukisema "walijitolea, hawadai", tutakuwa tumewafungia mlango uleule wa 1892.

Dai la tano: "Hatuna majina yao. Utamheshimuje mtu usiyemjua?"

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeuliza, na ni swali la mwalimu kweli. Jibu lake lipo katikati ya jiji, pale mnara wa Askari, kwenye makutano ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam ameyapita. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927, kwa ajili ya waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Ukisogea karibu ukasoma maandishi ya Kiswahili, utaona hayamtaji askari peke yake. Yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na watu wengine wote waliotumika. Hakuna jina hata moja la mpagazi hapo, na bado kila mpagazi aliyekufa njiani ana mahali pake jijini. Kumbe inawezekana. Wenye mji wakitaka, wanaweza kuheshimu kazi hata kama majina yamepotea.

Tena tunaijua desturi ya kuheshimu waliotoa kwa ajili ya hospitali. Anayekwenda Muhimbili kumtazama mgonjwa huulizwa: yuko Kibasila, Mwaisela au Sewa Haji? Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya India, aliyetoa mali yake ijengwe hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa Dar es Salaam. Ilifunguliwa mwaka 1897, mwaka aliofariki, na hospitali hiyo ndiyo chimbuko la Muhimbili. Jina lake linatajwa kila siku getini, na anastahili. Aliyetoa fedha tumemwandika ukutani. Waliotoa usiku wao, katika wodi zilezile za kwanza, bado.

Na majina yaliyopotea yana funzo la pili, la sasa hivi. Hayakupotea kwa bahati mbaya. Yalipotea kwa kuwa aliyeshika kalamu hakuona haja ya kuuliza. Kalamu sasa tunaishika sisi.

Kwa hiyo rai yangu ya barazani nairudia, nikiwa nimeinyoosha zaidi. Tarehe 12 Mei, baada ya kiapo cha wenye leseni, uwashwe mshumaa mmoja kwa waliouguza bila cheo: wa Lugalo, wa Bagamoyo, wa Scutari na wa South Carolina, pande zote. Pili, kila mtaa uandike orodha ya wahudumu wake walio hai, na neno la kazi liandikwe kama ilivyokuwa kweli: alikesha, alilisha, alifua, alifunga. Orodha hiyo ibaki ofisi ya serikali ya mtaa, na nakala shuleni.

Ya Mtongani nimeianza. Nilimrudia bibi jirani na daftari la kurasa 40, nikamwomba jina lake kamili. Akanitajia matatu: lake, la baba yake na la babu yake, akisubiri nimalize kila moja kabla ya kutaja linalofuata. Nilipofika kwenye safu ya kazi, akanyamaza, akanitazama mkono.

Nikaandika: muuguzi. Akachukua daftari, akalisogeza karibu na macho, akasoma. Kisha akaniomba nimpishe mkekani, maana bado alikuwa na utepe mmoja wa kanga haujakunjwa.